Siku Tuliyofunga Mkanda wa Gari

Shadia mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kacyiru kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua yule atakukalisha mpaka birika la pili la chai. Baba yako amejilaza baada ya swala ya alasiri. Nimeondoa kitambaa kwenye cherehani nipate mahali pa kuandikia, maana meza kubwa imejaa nguo zako. Kesho alfajiri utapanda basi Nyabugogo, utavuka mpaka wa nchi pale Rusumo, na ukifika Mwanza utafungua begi na kukuta karatasi hizi kati ya shuka na taulo.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema wiki nzima hadi umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Ninachotaka kukuandikia kinatokana na neno ulilolisema leo asubuhi, ulipokuwa unatia viatu mfukoni. Ulisema, "Mama, nikisikia Papa anazidiwa, au wewe umechoka, naacha chuo narudi. Uhasibu hauozi." Ukacheka. Mimi nilinyamaza, nawe ukachukulia nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na sasa nimepaona: siku ile tulipofunga mkanda wa gari, ule wa injini.

Utasema unaijua siku hiyo, ulikuwepo. Unaijua kwa upande wako. Barabarani mkanda wa zamani ulipokatika hukuwepo, na yale aliyosema baba yako mdogo Sefu sebuleni uliyasikia nusu.

Kumbuka tulivyokuwa. Kiharusi kilimpata baba yako mvua zilipoanza, na hadi kiangazi mkono wake wa kulia ulikuwa bado unaning'inia, mguu anauburuta, na maneno yote yamemtoka. Lilikuwa limebaki moja tu: sasa. Akitaka maji, "sasa." Akitaka kwenda chooni, "sasa." Akikasirika, "sasa sasa sasa." Cha ajabu, sura ya Alhamdu alikuwa anaisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama, nasi tukawa tunasema hayo ni mazoea ya ulimi tu, mwenyewe hayupo. Daktari alitueleza tangu mwanzo kwamba ugonjwa umegusa mahali maneno yanapotokea, na kwamba huenda anaelewa kila kitu. Nilimsikia daktari. Lakini ukikaa miezi na mtu anayekujibu neno lile lile, unaanza kumsemesha kama mtoto, kwa sauti ya juu, na baadaye unaacha kumsemesha kabisa. Nilifika mahali namvisha shati huku naongea na simu.

Gari nalo lilikuwa limeangukia mikononi mwangu. Unajua nilijifunza kuendesha ukubwani, kwa kulazimika, kwa sababu mazoezi yake ya viungo yalikuwa Kacyiru na kumpandisha kwenye basi la abiria kulikuwa mateso kwake na kwa wengine. Gari lile kuukuu baba yako hakuruhusu fundi yeyote aliguse. Miaka yote, siku zake za mapumziko nilikuwa namwona ameinama chini ya boneti, nami nipo barazani nashona sare za shule, na hatukuwahi kuulizana kila mmoja anafanya nini. Kwa hiyo nilijua kuwasha, kukanyaga mafuta na kusimama. Likipiga mluzi asubuhi, naongeza sauti ya redio.

Na lilikuwa linapiga mluzi kweli. Kila nikiwasha linalia kama paka amebanwa mlangoni, halafu linanyamaza. Likilia, baba yako ananigeukia: "Sasa." Mimi namjibu, "Ndiyo, tunaondoka sasa."

Siku lilipotuangusha tulikuwa tunatoka huko Kacyiru. Tulishuka vizuri, tukavuka bondeni, tukaanza kupanda kuja huku kwetu Muhima. Nikasikia kitu kinapigapiga mbele, kama mtu anachapa bati kwa kandambili. Mara taa nyekundu ya betri ikawaka na usukani ukawa mzito kiasi kwamba niliushika kwa mikono miwili na bado ukanishinda. Nyuma yangu basi linapiga honi, pikipiki zinanipita kushoto na kulia. Nikajiambia nyumbani si mbali, nitalikokota hivyo hivyo. Baba yako akaanza kupiga dashibodi kwa mkono wake wa kushoto. "Sasa! Sasa! Sasa!"

"Tulia!" nikamfokea. "Huoni nina shida hapa?"

Alitulia kidogo. Halafu akanyoosha ule mkono wake mzima, akashika ufunguo, akazima gari. Kisha akavuta breki ya mkono.

Katikati ya mlima, Shadia, na basi mgongoni kwangu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Aliyasikiliza yote, akangoja nivute pumzi, halafu akaniwekea kidole mbele ya kioo cha dashibodi, kwenye kijishale cha joto la injini. Kilikuwa kimepanda karibu na alama nyekundu. Nilikiona na sikukielewa. Vijana wa pikipiki walitusukuma hadi pembeni, na jioni jirani akaja kulivuta gari kwa kamba mpaka uani. Wewe uliporudi nikakuambia Papa yako amefanya utoto barabarani. Ndivyo nilivyoamini kwa moyo wangu wote.

Kesho yake Sefu akaja. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaniangalia, akatikisa kichwa.

"Shemeji, umekonda," akasema. "Sikiliza. Kaka si yule tena. Sasa ni mtoto mdogo, na mtoto mdogo anataka nyumba yenye watu. Acha nimpeleke Rwamagana kwa mama, uwanja upo, wajukuu wapo. Gari hili muliuze kabla halijaua mtu. Wewe ushone kwa utulivu, na Shadia yuko hapa akusaidie."

Baba yako alikuwa amekaa katikati yetu. Tulimzungumzia kama watu wanaohama wanavyozungumzia kabati. Wewe ukaingia na chai, ukalisikia neno Rwamagana, ukatua sinia kwa kishindo. "Baba mdogo, Papa si mzigo wa kupakia," ukasema, ukatoka. Baadaye uliniambia umenionea huruma kwa jinsi nilivyonyamaza kwa heshima.

Mwanangu, haikuwa heshima. Kabla hujaingia na sinia nilikuwa nimeshamwambia Sefu, "Basi, tupange siku." Na nafasi yako ya Mwanza ilikuwa imeshapatikana, unangoja tu neno langu, na neno nililokuwa nimeliandaa lilikuwa uiache. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kumwachia yeyote anayekuja na mpango uliokamilika. Usimchukie Sefu. Alipotoka nilimsindikiza, na pale nje, ameshika komeo la geti, alilia kama mtoto. Yule aliyemwona amekaa sebuleni ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Sasa uone kichekesho chake. Mimi na wewe sote tulitaka gari litengenezwe. Wewe ulisema, "Mama, nimeangalia kwenye simu, ni mkanda tu umekatika, tunaweza kuufunga wenyewe," na ulitaka litembee ili nisiliuze. Mimi nilikubali haraka kwa sababu gari linalotembea ndilo linalouzika. Hatukuambiana.

Asubuhi ile ulifungua boneti kama mtu aliyezaliwa garini. Ukatoa waya wa betri kwanza, nikakusifu moyoni. Ukanyonyoa mabaki ya mkanda yaliyojiviringisha kwenye puli, vile vigurudumu vya mbele ya injini, na ukanieleza ulichokisoma: mkanda huu mmoja mrefu ndio unaozungusha altaneta inayochaji betri, pampu ya usukani, na pampu inayosukuma maji ya kupoza injini. Ukikatika, vyote vinasimama, na ukiendelea kuendesha injini inachemka na kufa.

Nilikuuliza, "Kwa hiyo mtu afanye nini ukikatika?"

"Azime gari hapo hapo," ukasema, huku umeinama.

Hukuniona uso. Nilichukua ule mkanda uliokatika nikaondoka kwenda dukani kabla hujanyanyua kichwa, na njia nzima nikawa najiambia ni bahati tu, hata mtoto anaweza kushika ufunguo.

Duka lenyewe la vipuri ni lile la bondeni, lenye mikanda iliyotundikwa dari nzima kama soseji. Muuzaji akaniuliza gari aina gani, injini gani. Nikamjibu ni la kijivu.

"Mama, rangi si kitu kwa mukanda," akasema. "Namba iko wapi?"

Namba ilikuwa imefutika. Nikatoa futi yangu ya kupimia nguo, nikaulaza ule wa zamani juu ya kaunta, nikaupima kama ninavyopima kiuno cha sketi. Akanishushia miwili yenye mifereji sawa, mmoja mfupi kidogo kuliko mwingine. Nikachagua mfupi. Nilifikiri ni kama lastiki: unapunguza kidogo ili ibane. Nilirudi nimejaa majivuno.

Tulipojaribu kuuweka ndipo tulipokwama. Hukuwa na picha ya njia unayopita mkanda, kwa sababu tuliukuta umeshakatika. Karatasi yenye mchoro, ambayo huwa imebandikwa chini ya boneti, ilifunikwa na rangi siku boneti ilipopigwa rangi upya. Picha ya kwenye simu ilikuwa ya injini nyingine. Ukaupitisha huku, puli moja ikabaki. Ukaupitisha kule, ikabaki nyingine. Jua likapanda. Mimi nikaanza kutoa maelekezo, na hapo ndipo tulipogombana.

"Mama, unanionyesha kitu usichokijua!"

"Na wewe ulisema unajua!"

Baba yako alikuwa barazani kwenye kiti chake, anatuangalia. Akainuka. Nilimwona anajikokota, nikadhani anakuja kwenye gari, nikasema, "Yewe, na huyu naye!" Lakini hakuja kwenye gari. Alikwenda kwenye meza yangu ya kushonea, akaanza kuchakura kisanduku cha uzi kwa mkono mmoja, rili zinadondoka sakafuni.

"Usinivurugie uzi wangu!" nikapiga kelele.

Hakunisikiliza. Alichukua rili moja kubwa, ile nyeusi, akaisimamisha mezani, upande wa chini. Akachukua ndogo, akaisimamisha upande wa juu, kulia. Akaichunguza, akaisogeza kidogo. Akaweka nyingine, na nyingine. Ile yenye rangi nyekundu aliiweka katikati, akaitoa, akairudisha. Mimi nilikuwa nimeshafika mezani nimekasirika, nimenyoosha mkono nizikusanye, nawe ukanishika kiganja.

"Mama, subiri," ukasema. "Mama, tazama. Ni injini."

Nilitazama. Niliziona rili za uzi. Halafu nikatazama gari, boneti imefunguka, nikarudi mezani, na zilikuwa pale pale: kubwa chini, altaneta juu pembeni, pampu ya usukani nyuma yake. Baba yako alikuwa ameielezea injini yake kwa uzi wangu, hajaiona ndani tangu mvua zilipoanza.

Kisha akavuta futi shingoni kwangu. Unajua futi ile ina namba upande mmoja, upande mwingine ni mweupe. Akaanza kuizungusha kwenye rili, namba zikiwa ndani. Ilipofika rili nyekundu akasimama, akaigonga kwa ukucha, akatuangalia mmoja mmoja. Akaipitisha futi juu yake kwa upande mweupe, akaendelea hadi mwisho. Wewe ulikuwa unasumbuka kuelewa, mimi nikaelewa kabla yako, maana nimeishi na futi ile miaka yote. Mkanda una upande wenye mifereji na upande laini. Puli zote zinauma mifereji, isipokuwa moja isiyo na meno, inayoguswa na mgongo wa mkanda. Hiyo ndiyo ilikuwa inatukwamisha kila mara.

"Ni mgongo," nikasema. "Hapa unapita mgongo."

"Sasa," akasema baba yako. Na alitabasamu upande mmoja wa mdomo, ule unaofanya kazi.

Nilikaa kwenye kigoda. Ulifikiri jua limenichoma, ukaniletea maji. Jua halikuwa na kosa. Nilikuwa nahesabu moyoni mambo yote tuliyoyasema mbele yake tukidhani hayupo. Rwamagana. Kabati. "Huyu naye." Na pale mlimani, alipozima gari likiwa linakaribia kuchemka, nami nikamtukana.

Alipomaliza futi akataka mkanda mpya. Akauweka sambamba na ule wa zamani, akauvuta kwa vidole, akatikisa kichwa, akanitazama mimi. Shadia, wewe ulicheka mpaka ukaegemea gari. Ilinibidi nirudi dukani na ule mfupi wangu. Yule muuzaji akaniambia, "Mama, hii si lastiki ya kaptula," nami nikamwambia nimeshaambiwa.

Basi tukaupitisha ule mrefu kama rili zilivyoonyesha, ukabaki kuingia kwenye puli ya mwisho. Na hapo palihitaji nguvu. Kuna ile puli yenye springi inayokaza mkanda. Unaivuta kwa spana ndefu ili ilegee, mwenzako anausukuma mkanda uingie, unaachia. Nilivuta spana mimi, ikasogea kidogo ikanirudisha. Nikavuta tena nikaparuza vidole. Wewe ulijaribu kuvuta kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine, ukashindwa.

Baba yako akaja. Aliegemeza kifua juu ya bawa la gari, mguu mbovu ameuacha nyuma, akaomba spana kwa kufungua kiganja. Nilitaka kumkatalia. Niliogopa aanguke, kiharusi kimrudie, nije nijilaumu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, "Hapana, utaumia." Sijui nini kilinizuia kulisema. Nikampa spana, nikasimama nyuma yake nikamshika mshipi wa suruali.

Alivuta. Nilisikia mgongo wake wote unakaza mikononi mwangu. Ile puli ikazunguka polepole, mkanda ukalegea, nawe umeinama na vidole vyako viwili juu ya mpira, unangoja, hujui ni wakati gani.

"SASA!" akapiga kelele.

Ukausukuma. Ukaingia. Akaachia spana taratibu, mkanda ukajikaza wenyewe, na sote watatu tukabaki tumeshikana kama wajinga. Neno lile tulikuwa tumelichoka. Nilikuwa nimewahi hata kuomba Mungu alichukue nalo, baba yako anyamaze kabisa. Nikalisikia siku hiyo limekaa mahali pake.

Ungependa niishie hapo, lakini unakumbuka hatukuishia hapo. Ulirudisha waya wa betri, ukaniambia niwashe. Nikawasha, likalia kuliko siku zote, na nyuzi nyeusi za mkanda zikaanza kuruka. Baba yako akachapa boneti. Nikazima hapo hapo, safari hii bila kusubiri anizimie. Mkanda ulikuwa umekaa mfereji mmoja nje ya mahali pake kwenye puli ya chini, ambako hatukuweza kuona vizuri. Tukarudia yote: spana, kifua, mshipi, sasa. Ukalala chini ukapapasa kila puli kwa kidole kabla ya kuniruhusu. Ukingo wa mkanda ulikuwa umechanika kidogo, na mchaniko huo upo mpaka leo, unafanya kazi. Nilipowasha mara ya pili injini ilinguruma bila mluzi. Baba yako aliweka sikio karibu, akasikiliza muda mrefu, akanyanyua kidole gumba.

Wewe ulikwenda kuoga. Sasa nakuambia kilichotokea ulipokuwa bafuni, maana hiki hukijui.

Nilikaa chini mbele ya kiti chake nikaanza kumfuta grisi mkononi. Nikamuuliza swali, na kwa mara ya kwanza tangu augue nikanyamaza baada ya kuuliza. "Ulisikia aliyosema Sefu?"

Akanitazama. Akaitikia kwa kichwa.

"Unataka kwenda Rwamagana?"

Aliuvuta mkono wake kwangu. Hapana.

"Nilikubali bila kukuuliza," nikamwambia. Akaitikia. Alikuwa anajua. Alikuwa amekaa pale pale.

Halafu nikamuuliza habari yako. Nilimwambia nafasi ya Mwanza imepatikana, na kwamba mimi nataka ukae, kwa sababu peke yangu sitaweza. Nilimweleza kila kitu, kama nilivyokuwa namweleza zamani tukiwa tumelala, bila kupandisha sauti. Alifikiria. Unajua anavyofikiria, anang'ata mdomo wa chini. Kisha akanyoosha mkono wenye grisi, akaelekeza mlango wa bafu ulikokuwa unaimba, akauzungusha mkono kuelekea geti na kuusukuma mbali. Nikamuuliza, "Aende?" Akaitikia. Nikamuuliza, "Na mimi?" Akajipiga kifua. Yupo yeye.

Umekuwa ukiniambia asante kwa kukuruhusu. Mimi sikukuruhusu, Shadia. Mimi nilikuwa nimeshakufunga hapa kwa uchovu wangu. Aliyekuruhusu ni baba yako, mtu ambaye nusu ya ukoo ilidhani hajui hata siku ya leo ni ipi.

Nilimpigia Sefu usiku uleule, na sikumlaumu, nilimwomba aje aone. Alikuja na ubao wa igisoro, bao letu la kete, uliokuwa wa baba yao. Walicheza pale barazani, kaka yake anasogeza kete kwa mkono wa kushoto, na Sefu akafungwa, akafungwa tena, akasema mwanga ni mbaya. Alipoondoka hakulia. Alimpigia kaka yake kelele kutoka getini: "Jumapili narudi, usifikiri umeshinda!" Habari ya kuuza gari haijatajwa tena.

Usinielewe vibaya, maisha hayakugeuka siku ile. Mguu bado anauburuta. Ziko siku ananirushia kijiko kwa sababu sijaelewa anataka nini, na ziko siku mimi ndiye ninayetoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka hasira ipungue. Utakuwa huko na siku kama hizo zitaendelea hapa. Zikikufikia kwa simu ya shangazi yako, mwenye kukuza mambo, usifungashe. Niulize kwanza mimi, na mimi nitamuuliza baba yako. Kwa sasa ndivyo tunavyoendesha nyumba hii. Likizo njoo, na ukija uje kama mtoto aliyekuja likizo, ulale mpaka jua litoke.

Huko Mwanza watakucheka kwa "iko" zako na kwa jinsi tunavyochanganya r na l. Wacha wacheke, utazoea chao, nao watazoea chako. Na ukichoka, maana utachoka, jitahidi usiamue jambo kubwa jioni hiyo. Nina sababu zangu za kukuambia hivyo, umeshazisoma.

Nasikia kiti kinasogezwa barazani, ameamka. Tangu kiangazi kile amepata maneno mengine machache: maji, hapana, nipe, na jina lako linatoka nusu yake. Yule mama wa mazoezi ya maneno anasema mengine yatarudi kwa kuyatafuta, na kwamba kutafuta huko kunataka mtu upande wa pili mwenye subira.

Kwa hiyo ukifika, ukinunua laini ya simu ya huko, piga. Usiniulize mimi Papa anaendeleaje. Sema, "Mama, mpe." Kwanza atanyamaza. Utasikia pumzi yake, utasikia pikipiki za Muhima, na utaona aibu ya kumsumbua, utataka kusema, "Basi, Papa, pumzika." Usiseme. Muulize kitu ambacho unataka kweli kukijua kwake. Halafu ngoja. Hata kama salio linaisha, mwanangu, ngoja.

Mama yako